Siku moja tu Lisbon? Fuateni dhahabu ya Kilwa

Swali: "Shikamoo kaka. Tuko marafiki wanne, Watanzania watatu na Mkenya mmoja, wote tunasoma Ujerumani. Mwezi wa tano tunapita Lisbon, tunafika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili alfajiri, kwahiyo siku yetu ni Jumamosi tu. Mwenzetu mmoja goti linamsumbua, ngazi nyingi hawezi, na wawili ni Waislamu wanaangalia wanachokula. Kila mtu anatuambia tupande tramu 28 na tuuone mnara wa Belém. Siku moja inatosha? Tuanzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Haitoshi, ila mkiipanga vizuri mtaondoka mmeshiba. Mi kazi yangu ndo hii ya kutembeza wageni humu mjini na hivyo vitu viwili mlivyoambiwa, tramu 28 na mnara, ndo vinavyokula siku za watu kuliko kitu kingine chochote, mtu anasimama foleni saa nzima Martim Moniz inapoanzia apande kigari cha mbao cha miaka ya 1930, akishapanda anasimama amebanwa hadi mwisho haoni dirisha, akishuka anagundua simu haipo. Msinielewe vibaya, tramu yenyewe nzuri, ila sio kwa watu wanne wenye siku moja na goti bovu.

Mi ningewapangia siku kwa kitu kimoja ambacho watalii wengi wanakipita bila kujua, na nyinyi watu wa kwetu hamna sababu ya kukipita. Lisbon kuna dhahabu ya Kilwa. Namaanisha dhahabu kabisa, ipo kwenye kioo unaiona kwa macho, na imeandikwa Kilwa. Tutafika huko, ila kwanza asubuhi nendeni mkamuone aliyeichukua.

Amkeni mapema. Kila mtu anunue kadi yake ya usafiri pale kwenye mashine za metro (inaitwa navegante, kadi yenyewe senti 50) na muweke tiketi ya siku nzima, ni kama euro 7 hivi, inawapeleka kwenye metro, basi na tramu bila kuhesabu. Kadi moja haiwezi kutumika na watu wawili kwa tiketi hiyo, msijaribu, wakaguzi wapo na faini sio ya kitoto. Kisha Cais do Sodré mnapanda tramu ya 15 hadi Belém. Hii 15 nayo wezi wa mifuko wanaipenda sana kwahiyo begi mbele, simu mfukoni ndani, usiweke mfuko wa nyuma ukasema mimi mjanja.

Jitahidini saa mbili asubuhi muwe pale Pastéis de Belém ndo wanafungua. Hawa wanauza vile vitobosha vya maziwa na mayai tangu 1837, unanyunyizia mdalasini juu unakula vya moto. Mtaona foleni nje mlangoni, hiyo ni ya wanaobeba, nyie piteni ndani kabisa kuna vyumba vingi vya kukaa na mara nyingi mnapata meza haraka kuliko hao waliosimama juani. Kwa wale wawili Waislamu, mapishi yao ni siri hawayasemi kwa mtu, kwahiyo kama ni mkali kwenye mambo ya mafuta yaliyotumika muulize mhudumu kabla, wamezoea kuulizwa. Kahawa huku kikombe kidogo, ukitaka ya maziwa kwenye glasi useme galão.

Mkitoka hapo, mtaani tu kwa mkono mmoja mnaona jengo refu jeupe la mawe, hiyo ndo Jerónimos, monasteri ya zamani na kanisa lake. Mfalme Manuel wa Kwanza ndo aliijenga, kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na hela ilitoka kwenye kodi ya biashara ya viungo na mali za baharini, yaani pilipili manga, mdalasini na vitu vilivyokuwa vinatoka Bahari ya Hindi, bahari yetu. Angalieni mawe ya mlangoni, wamechonga kamba za meli, matufe ya wanamaji, mimea, kila kitu. Mlango wa kanisa na mlango wa ua wa ndani ni foleni mbili tofauti. Kanisa kuingia bure. Ua wa ndani ni mzuri sana ila ni kama euro 18 kwa mtu na foleni yake inafika barabarani, kwa siku yenu mi ningeuacha. Najua kuna waongozaji wenzangu watanipigia kelele kwa hili, poa tu.

Ingieni kanisani, mlangoni tu kabla hata hamjafika kwenye zile nguzo ndefu, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama na kulia la Camões, mshairi wao mkubwa. Gama alikufa Cochin, India, mwaka 1524, mwili ukarudishwa Ureno 1539 na hapa kanisani aliletwa 1880 tu, kwahiyo hilo kaburi lenye meli ubavuni ni kazi ya karne ya 19 sio ya enzi zake. Watalii wanapiga selfi wanaondoka. Nyie simameni kidogo. Huyu ndo yule aliyefika Mombasa Aprili 1498 wakashindwana, akapanda hadi Malindi ambako mfalme wa pale alimpokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Huyo Mkenya wenu kama ni mtu wa pwani ataujua mnara wa Gama pale Malindi. Na Camões wa upande wa pili ameyaandika yote hayo kwenye utenzi wake wa 1572, Mombasa kaifanya mji wa wasaliti, Malindi mji wa marafiki, kila mtu anaandika kwa upande uliompa maji ya kunywa. Camões mwenyewe aliwahi kukwama kisiwa cha Msumbiji hana hata nauli ya kurudi kwao, hilo huwa halisemwi sana.

Kinachosemwa kidogo zaidi ni safari ya pili ya Gama. Julai 1502 alirudi na meli nyingi zenye mizinga akatia nanga Kilwa, akamwambia mtawala wa pale, Ibrahim, lipa kodi kwa mfalme wa Ureno la sivyo mji unateketezwa. Ikalipwa dhahabu. Kilwa ilikuwa na dhahabu sababu kwa muda mrefu ndo iliyokuwa imeshika biashara ya Sofala, kule ambako dhahabu ya bara upande wa Zimbabwe ilikuwa inashukia pwani. Gama akafika nayo hapa Lisbon 1503. Miaka miwili baadae, 1505, akaja Mreno mwingine, Almeida, na kundi kubwa zaidi, akaiteka Kilwa na kujenga ngome, akapanda Mombasa akaichoma. Sasa shikeni hapo, tuendelee kutembea.

Vukeni kwa njia ya chini ya reli muende mtoni. Ule mnara mkubwa wa zege wenye watu wamepanga mstari kama wapo kwenye meli ni Padrão dos Descobrimentos, wa kwanza ulijengwa 1940 kwa ajili ya maonyesho ukabomolewa, huu wa sasa ni wa 1960, enzi za dikteta Salazar wakiwa bado wanazishikilia Msumbiji na Angola, kwahiyo uangalieni mkijua ulijengwa kusema nini. Msipoteze hela kupanda juu. Chini kwenye sakafu kuna ramani kubwa ya dunia ya mawe ya rangi, hiyo bure, tafuteni pwani yetu mpige picha ya miguu minne juu ya Afrika Mashariki, hiyo picha watu wanaipenda.

Mnara wa Belém upo mbele, kama robo saa kwa mguu kando ya maji, tambarare, goti halitalalamika. Ulifungwa kwa ukarabati 2025 kwahiyo angalieni kwanza kama umefunguliwa, lakini hata ukiwa wazi ndani hamna kitu zaidi ya vyumba vitupu na ngazi nyembamba ya kuzunguka ambayo mwenzenu haiwezi kabisa. Uzuri wake uko nje. Zungukeni mtafute kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kile kibanda cha pembeni, kimeliwa na hewa ya chumvi karibu hakitambuliki. Kinasemekana ni kumbukumbu ya kifaru hai aliyeletwa Lisbon kutoka India 1515, mji mzima ukatoka kumshangaa.

Hapo itakuwa kama saa tano. Sasa ndo muende kwenye dhahabu.

Makumbusho yanaitwa Museu Nacional de Arte Antiga, yako mtaa wa Janelas Verdes, katikati ya Belém na mjini. Basi 714 inawashusha mlangoni. Mkipanda tramu 15 mtashukia chini barabarani halafu kuna ngazi ndefu ya kupandia, kwahiyo kwa ajili ya goti chukueni basi, au muite Bolt mgawane wanne wala haiumi. Jumatatu yanafungwa ila nyie Jumamosi mko salama. Jambo moja, makumbusho ya Lisbon miaka hii yamekuwa yanafungwa vyumba vyumba kwa matengenezo, kwahiyo siku mbili kabla ingieni kwenye tovuti yao au pigeni simu muulize hivi: Custódia de Belém inaonekana? Jina hilo hilo. Msiende kwa kubahatisha halafu mnilaumu mimi.

Custódia hiyo ndo dhahabu yenyewe ya Kilwa. Ni chombo cha kanisani, Wakatoliki kati yenu mtakitambua haraka, ni monstransi, kile cha kuwekea Ekaristi ya kuabudiwa. Urefu sentimita 73. Dhahabu tupu na rangi za enameli, katikati mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja sura yake, juu yao kuna njiwa mweupe ananing'inia, na kwenye shina kuna matufe ya mfalme Manuel. Kazi inasemwa ni ya sonara Gil Vicente. Kimekamilika 1506. Lakini usiangalie juu kwanza, inama uangalie kwenye ukingo wa kitako, kuna maandishi yanazunguka, yanasema mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Wameandika QILVA. Halafu mfalme akakiachia kwenye wasia wake kiende Jerónimos, kanisa mlilotoka asubuhi, ndo maana kinaitwa cha Belém.

Nimeshapeleka watu wa aina nyingi pale. Wazungu wanasema kizuri, wanasonga kwenye michoro. Watu wa kwetu huwa wanabishana, na mi nawaachaga wabishane. Mmoja atasema kirudishwe Tanzania, mwingine atasema hata Kilwa wenyewe dhahabu ile haikuwa ya kuchimba kwao ilikuwa ya watu wa bara, mwingine anauliza kwanini shuleni tulisoma magofu ya Kilwa bila kuambiwa dhahabu ilienda wapi. Mi nikiulizwa upande wangu nasema kibao cha maelezo kingeeleza vizuri neno "kodi" lilikuwa na maana gani bandarini mwezi ule wa Julai, meli zikiwa zimeelekeza mizinga mjini. Mtu akisoma kodi anafikiria karani na risiti.

Kwenye jumba hilo hilo muangalie na vyombo vya pembe za ndovu vilivyochongwa na mafundi wa Afrika Magharibi kwa oda za Wareno, na zile skrini za Kijapani zinazoonyesha Wareno wanashuka melini na suruali zao pana, kuna na Waafrika ndani ya zile picha ukitazama vizuri. Michoro mingine piteni tu haraka isipokuwa mna mpenzi wa sanaa kati yenu, basi mpeni nusu saa na yule mchoraji Bosch. Nyuma kuna bustani yenye mgahawa inaangalia mto, kaeni hapo goti lipumzike.

Chakula sasa. Kwa Waislamu Lisbon sio shida hata kidogo sababu hawa watu ni wa samaki. Agizeni dourada au sardini za kuchoma kwa mkaa, viazi na saladi pembeni, mmemaliza, muulize tu kama sosi ina mvinyo. Supu ya caldo verde inaonekana ya mboga tu ila huwa wanatupia kipande cha soseji ya nguruwe, semeni mapema. Na mkikaa mezani mhudumu akaleta mkate, zeituni na jibini bila kuombwa, hiyo sio zawadi ya mwenye nyumba, mkigusa mnalipa, msipogusa mnamwambia atoe na wala hatakasirika. Mkitaka halali yenyewe nendeni Martim Moniz na Mouraria, migahawa ya Wabangladeshi imejaa, na misikiti midogo ya kusalia ipo maeneo hayo hayo. Mouraria pia kuna mapishi ya Kimsumbiji, mkiona matapa kwenye menyu agizeni, ni kisamvu cha karanga na nazi, wenzetu wa baridi ya Ujerumani huwa mnatokwa machozi.

Mchana mrudi katikati, Rossio. Hapa ni tambarare. Tetemeko la Novemba 1, 1755, lilipiga asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote watu wako makanisani, mishumaa imewashwa, baadae yakaja maji ya bahari na moto wa siku kadhaa, mji wa chini wote ukaisha. Hiyo mitaa iliyonyooka mnayoiona ni ya baada ya hapo, ilijengwa upya chini ya Pombal, waziri wa mfalme, na ndani ya kuta waliweka fremu za mbao za kucheza na tetemeko. Jumba la mfalme lililokuwa pale Terreiro do Paço kando ya maji, pamoja na ofisi zilizokuwa zinahesabu mali za Bahari ya Hindi, likapotea lote.

Pembeni ya Rossio tu kuna kanisa la São Domingos, msilipite. Liliungua 1959 na wakaamua kutoyafuta makovu, nguzo zimepasuka, kuta nyekundu. Hapa hapa Aprili 1506, mwaka ule ule monstransi imekamilika, ndo yalianzia mauaji ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, nje kuna jiwe la ukumbusho lenye nyota ya kuwakumbuka. Na kanisa hili ndo lilikuwa na udugu wa Waafrika wa Rosari, watumwa na walioachiwa huru, maana katikati ya karne ya 16 inakadiriwa karibu mtu mmoja kati ya kumi mjini hapa alikuwa mtumwa, wengi Waafrika. Leo uwanja wa mbele bado ni wa Waafrika, Waguinea Bissau wanakaa pale wanauza karanga na kola na kupiga stori, salimieni. Mtu akiwasogelea mtaa wa Augusta akawanong'oneza anauza bangi msimjibu, mara nyingi ni majani ya kupikia yamesagwa.

Jioni ndo Alfama, mtaa wa zamani ambao tetemeko liliuacha kwa kiasi kikubwa. Hapa kila mtu anajua kuna ngazi, lakini wachache wanajua kuna lifti za bure. Mtaa wa Fanqueiros, karibu namba 170 hivi, ingieni kwenye jengo la kawaida kabisa kuna lifti inawatoa mtaa wa juu, mnavuka kidogo mpaka Chão do Loureiro kuna lifti nyingine ndani ya jengo la maegesho, mkitoka mko karibu na ngome hamjapanda ngazi. Ama mpande tramu 12 kutoka Figueira, ni vigari vile vile vya mbao kama vya 28, inapita kanisa kuu na Santa Luzia, hamu ya tramu inaisha na foleni ni fupi. Ngome ya São Jorge mi ningeiruka, mandhari ile ile mnaipata bure pale Santa Luzia na Portas do Sol. Ukutani Santa Luzia kuna vigae vya bluu vinaonyesha Terreiro do Paço kabla ya tetemeko, mkalinganishe na mlichoona mchana.

Mwenye goti akae Portas do Sol na kinywaji chake, watatu mshuke vichochoroni Alfama nusu saa mrudi. Mkubaliane kabisa saa ya kukutana, maana kule ndani ramani ya simu inachanganyikiwa na urafiki wa watu umeshavunjika kwenye kona zile. Viatu vya raba, mawe ya njia yanateleza hata bila mvua. Jua la Mei linazama karibu saa tatu kasoro robo usiku, kwahiyo msikimbilie machweo saa kumi na mbili kama mko nyumbani, mna muda. Kama hamtaki kilima tena shukeni Cais do Sodré mpande feri ya kwenda Cacilhas, dakika kumi hivi, ni pantoni ya Kigamboni na wafanyakazi wanarudi makwao, nauli ndogo, na mji mzima mnauona unawaka kutoka majini.

Fado, zile nyimbo zao za huzuni, usiku ni hiari. Nyumba nyingi za Alfama wanataka mle chakula cha bei ndo msikilize, na mwimbaji akianza hamna kuongea, hata kunong'ona, watawageukia. Mkiwa mmechoka na mnataka kucheka kwa sauti basi sio mahali penu usiku huo.

Mwisho hiyo Jumapili: metro inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndege yenu ya alfajiri haitawasubiri. Wekeni Bolt usiku kabla hamjalala.